Mwalimu wa Juu ya Hadiwea

Kabla hujamwona, ulikuwa unamsikia. Ukifika tu kwenye ngazi zilizopanda kando ya duka la hadiwea, nyuma ya soko la Nakuru, sauti yake ilikuwa imeshashuka kukupokea.

"Mungu amekupa vidole kumi! Wewe unatumia viwili. Hivyo vingine umemwekea nani?"

Halafu ulisikia darasa zima likicheka, na yule mwenye vidole viwili akicheka kwa aibu. Ulipomaliza ngazi na kuingia, ulimkuta mama wa Kihindi, mfupi, nywele zimefungwa kisogoni, amevaa sari ya pamba na raba nyeupe za kukimbilia. Wageni wote waliziangalia raba hizo. Aliyethubutu kuuliza alijibiwa hapo hapo: "Hii sakafu ni ya simiti. Haijui mimi ni mama wa heshima. Magoti ndiyo yanajua."

Tulimwita Mwalimu wa Juu. Chini kulikuwa na misumari, mabati na rangi za nyumba, mali ya shemeji yake. Juu kulikuwa na yeye na kompyuta zake. Kiswahili chake kilikuwa cha Nakuru kabisa, sawa na changu. Aliongeza Kikuyu alipobishana na wauza mboga, na Kigujarati alipobishana na shemeji yake kupitia dirishani. Wasichana wote alituita "beta", neno ambalo kwao ni la kumwita mtoto unayempenda. Lakini alijua kulitamka kwa namna ambayo ulitamani sakafu ikumeze.

Nilipelekwa kwake mwisho wa mwaka 2007, nikiwa nimetoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne. Wakati huo kila aliyemaliza shule alitumwa kusoma pakeji. Ndivyo tulivyoyaita masomo ya kompyuta ya miezi michache: kuandika barua, kupanga hesabu kwenye majedwali, kuingia intaneti. Wazazi waliona ni bora mtoto ashinde kwenye pakeji kuliko ashinde sebuleni akiangalia ukuta. Mwalimu wa Juu alilichukia neno lenyewe. "Pakeji ni ya unga," alisema. "Hapa tunasoma."

Wazee wengi mjini walimjua kabla ya kompyuta. Miaka mingi alifundisha kupiga taipu, na makarani wengi wa ofisi za Nakuru walipita mikononi mwake. Siku moja aliniomba nimsindikize kwenye ofisi fulani kufuatilia mambo ya leseni ya chuo. Karani mmoja mnene, mwenye miwani kwenye kamba, alikuwa ameinama juu ya meza akituambia turudi kesho. Akainua macho. Alipomwona ni nani, alisimama, akanyoosha mgongo, akaviweka viganja vyake mezani kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, samahani. Sikukuona."

"Keti vizuri," Mwalimu akamwambia. "Ukiinama hivyo utapata kibiongo kabla ya pensheni."

Leseni tuliipata siku hiyo hiyo. Tulipokuwa tukirudi nilijaribu kumwambia jinsi nilivyofurahi. Alikata maneno yangu. "Alikuwa mwanafunzi mzuri. Lakini mgongo haukuwahi kusikia."

Kutoka siku za taipu alibaki na taulo la jikoni. Ukishajua herufi ziko wapi, alikuja nyuma yako akaifunika mikono yako kwa taulo, ukaandika bila kuona. Mara ya kwanza niliandika sentensi nzima, na taulo lilipoondolewa, kwenye skrini hakukuwa na neno hata moja la lugha yoyote ya duniani. Aliisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa uso wa mtu anayesoma taarifa ya habari. Nilicheka mpaka machozi. Kufikia wiki iliyofuata nilikuwa naandika chini ya taulo huku nikimwangalia machoni, na yeye akatingisha kichwa upande kwa upande, ishara ambayo kwake ilimaanisha vizuri, na ambayo wageni walidhani ni hapana.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alikuwa mchoyo wa karatasi kupita kiasi. Ukitaka kuchapisha ukurasa mmoja alikuhoji kama polisi. Lakini saa nne kila asubuhi alishusha birika la chai ya tangawizi kutoka jikoni kwake, ghorofa moja juu yetu, na bakuli la chevda, ule mchanganyiko wa karanga na dengu wenye pilipili. Hakuna aliyeruhusiwa kukataa. Alifundisha kompyuta, lakini hesabu za chuo alizifanya kwa kichwa, macho ameyafumba, midomo ikicheza. Mashine zenyewe alizitukana kutwa. "Hii ni kitu kijinga sana," alituambia siku ya kwanza, akiipiga mojawapo kofi mgongoni. "Haina akili hata kidogo. Inafanya tu kile umeiambia. Ndiyo maana ukikosea, inakukosea haraka." Halafu jioni, baada ya kuzizima, alizifunika moja moja kwa vipande vya sari zake za zamani alivyovishona mwenyewe, na alihakikisha kila kitambaa kimefika chini, kama anayefunika watoto.

Na alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Alikuambia jinsi ya kuketi, jinsi ya kuchemsha maziwa yasimwagike, mvulana wa aina gani usimpe namba ya simu. Alinishauri nikate nywele, na nikazikata. Ila kulikuwa na swali moja ambalo hakulijibu, na ndilo lililowaleta watu wengi kwenye ngazi zile.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja na mwanawe kutoka Longonot. Walikuwa wamevaa kama watu waliojiandaa. "Mwalimu," alisema yule mama, "huyu asomee nini chuo kikuu? Wanasema siku hizi ni kompyuta. Lakini kompyuta gani? Tunasikia ziko nyingi."

"Ziko nyingi kweli," Mwalimu alisema. "Kuna ya kuunda mashine yenyewe. Kuna ya kuiandikia maagizo. Kuna ya kuitumia kwa biashara. Kuna ya kuunganisha mashine na mashine." Alimweleza kila moja kwa subira, mwanafunzi wa chuo hufanya nini kutwa, anahitaji hesabu kiasi gani, anachoka vipi. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa, achukue gani?"

"Mimi nafundisha, mama. Kuchagua sichagui."

"Si wewe ndiye unajua?"

"Hizo kozi ndizo najua. Huyu kijana simjui."

Yule mama aliondoka amekasirika, na nilimwona ana haki. Niliona ni kama daktari kukueleza magonjwa yote halafu akunyime dawa.

Kisha mwaka ukaisha, kura zikapigwa, na mwezi wa kwanza wa 2008 ukaja na fujo zake, kabila kwa kabila. Sitayasimulia yote. Tulikaa ndani, mtaani kwetu Section 58, tukisikiliza redio na kuhesabu nani amepiga simu na nani hajapiga. Chuo kilifungwa. Nilisikia baadaye kwamba Mwalimu na akina mama wa hekalu lao walikuwa wakipika sufuria kubwa za wali na dengu, zikipelekwa kwa familia zilizokuwa zimekimbia makwao. Alipofungua tena mlango, mji ulikuwa umetulia lakini haukuwa umepona. Watu walisalimiana wakiwa wamejipima kwanza.

Hata darasani ilionekana. Tulioketi tumechanganyika mwezi wa kumi na mbili, sasa tulijipanga kimya kimya, hawa huku na wale kule. Mwalimu alisimama mlangoni akatutazama, akarekebisha sari begani. Halafu akasema mashine nyingine zimeharibika na tutashirikiana wawili wawili. Mashine hazikuwa zimeharibika. Akapanga yeye mwenyewe.

Aliwaweka pamoja vijana wawili ambao tulijua hawasemezani, mmoja wa mtaa huu, mwingine wa mtaa ule, na nyumba zilikuwa zimeungua kote kuwili. Mmoja akampa kibodi, mwingine kipanya. "Wewe utaandika, yeye atasogeza," alisema. "Nataka barua ya kuomba kazi, imepangwa vizuri, kabla ya chai."

Walikaa kama mawe. Muda ukapita. Mwishowe yule wa kibodi akasema, bila kugeuka, "Sogeza hapo juu."

"Wapi?"

"Hapo kwa anwani, boss."

"Si useme anwani."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza. Sisemi walikuwa marafiki. Lakini barua iliisha kabla ya chai, na Mwalimu, yule mchoyo, akawachapishia nakala mbili.

Matokeo ya mtihani yalipotoka nilikuwa nimepita vizuri, vizuri kuliko hata nilivyojitabiria. Nyumbani baba alinishika mkono akanizungusha sebuleni kama tuko harusini. Baba huniita Mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, aliyekuja Nakuru kutoka magharibi akimfuata babu yangu aliyekuwa mfanyakazi wa reli. "Mama ameangusha mtihani!" aliwaambia majirani, na mtu asiyemjua angedhani nimefeli.

Shuleni walituambia tunaweza kubadilisha kozi tulizokuwa tumechagua kabla ya mtihani. Mimi nilikuwa nimechagua ualimu, au tuseme baba alikuwa amenichagulia. Alikuwa na sababu yake, na haikuwa mbaya. Alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha mafuta ya kupikia, na alikuwa ameona viwanda vikifungwa. "Shule hazifungwi," alisema. "Mwalimu hakosi kazi." Nilipotaja kompyuta alinitazama kwa huruma. "Hiyo unasoma kwa pakeji, Mama. Miezi mitatu inaisha. Utaisomea miaka minne, kwani ina nini?"

Nilijua tu kwamba nilipokuwa juu ya hadiwea saa zilipita bila kuniaga. Nikaenda kwa Mwalimu, nikangoja wengine washuke.

"Mwalimu, niambie tu wewe. Nichague nini?"

Alikuwa akifunika mashine. Hakugeuka. "Hapana, beta."

"Lakini unanijua. Mimi si yule kijana wa Longonot."

"Nakujua. Ndiyo maana nasema hapana."

Nilishuka ngazi zile nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu mzima. Siku kadhaa sikurudi.

Ni shida ya baba iliyonirudisha. Kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, alikuwa akiketi mezani na penseli na kifutio kupanga zamu za kiwanda. Zamani ilimchukua muda mfupi tu. Sasa, baada ya Januari, ilimchukua mchana mzima na bado hakuridhika. Wengi wa watu wake walirudi nyumbani kwa miguu, na zamu nyingine zilitoka kabla hakujapambazuka. Hakuna aliyetaka kutembea peke yake. Hivyo baba alitaka watu wa njia moja wawe zamu moja, watembee pamoja mpaka mlangoni. Lakini kila zamu ilihitaji mtu anayejua boila, lile tangi la mvuke. Na mtu aliyefanya usiku hawezi kurudishwa asubuhi hiyo hiyo. Akirekebisha huku, kunaharibika kule. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka.

"Mmoja akipigwa njiani," aliniambia, "mimi ndiye nilimpanga."

Kesho yake nilipanda ngazi. Nilimweleza Mwalimu jambo zima nikiwa nimesimama, hata salamu nilisahau. "Mashine inaweza kufanya hiyo?"

"Mashine haiwezi kitu. Nimekwambia ni kijinga." Aliniangalia. "Wewe unaweza?"

"Sijui."

Alinipeleka kwenye kona ambapo kulikuwa na kompyuta moja ya zamani, iliyofunikwa kwa sari ya kijani. Wanafunzi wa pakeji hawakuigusa. Ilipowaka haikuleta picha wala vibonyezo, skrini nyeusi tu na mstari mdogo ukipepesa. Alivuta kiti akaketi kando yangu.

"Sasa iambie," alisema. "Pole pole, kama unaongea na mtu asiyejua kitu. *Kama* huyu alikuwa usiku, *basi* asiwe asubuhi. Anza na hiyo moja."

Ndivyo nilivyojifunza kuandika programu. Alinifundisha sheria chache za lugha ya mashine, kisha akaniacha. Nikikwama, alikuja akasoma nilichoandika, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kuondoka bila kusema kosa ni nini. Wakati mwingine nilimchukia tena. Wakati mwingine nilirukaruka peke yangu pale konani na wale vijana wa barua wakaniuliza, "Niaje, umeokota nini?"

Zamu za kwanza zilipotoka alinichapishia bila hata kunihoji. Nilizipeleka nyumbani nikaziweka mbele ya baba. Alivaa miwani. Alipitia majina kwa penseli, moja moja, uso mzito. Kisha mabega yakaanza kutetemeka.

"Mama," alisema akicheka, "kiwanda chako kimelipuka. Jumatano usiku umeweka watu wa njia moja wote, vizuri sana, wanatembea pamoja kama kwaya. Lakini hakuna hata mmoja anayejua boila."

Nilitaka kulia. Lakini baba alikuwa tayari amevuta kiti karibu. "Ulisahau kuiambia. Na tena, huyu na huyu usiwaweke pamoja, hawapatani tangu zamani, hata si mambo ya siasa. Unaweza kuiambia hiyo?"

"Naweza."

"Na yule ana mtoto mgonjwa, apewe mchana."

"Hiyo pia naweza."

Tuliketi pale, yeye akikumbuka watu wake na mimi nikiandika, mpaka mama akatuuliza kama tumeacha kula. Sijui kama niliwahi kuongea na baba muda mrefu hivyo kabla ya siku ile. Alikuwa akinifundisha kazi yake, na mimi nilikuwa nikiigeuza kuwa maagizo, na ilionekana wazi kwamba kazi hiyo ilikuwa na akili nyingi ambazo hakuna aliyewahi kumsifu kwazo.

Ziliponyooka, alizibandika kiwandani. Jioni aliporudi alisimulia jinsi watu walivyojikusanya mbele ya ubao. "Wameniuliza, mzee, umepata wapi akili hii? Nikawaambia, ni binti yangu. Ako na mashine." Alirudia maneno hayo mara kadhaa tukiwa mezani. Sitasema zamu zile ziliuponya mji. Watu walitoka kazini pamoja, wakafika pamoja, basi. Lakini wiki baada ya wiki walifika.

Siku moja nikiwa konani nilisikia hatua nzito kwenye ngazi. Baba aliingia akiwa na ovaroli ya kazi, kofia mkononi. Alikuwa anaogopa kukanyaga sakafu.

"Karibu, mzee," Mwalimu alimwambia. "Ingia tu na viatu."

Alimpa chai na chevda. Baba alikunywa kidogo, akaweka kikombe chini. "Mwalimu, hii kitu mtoto anafanya hapa, inaitwa aje?"

"Hiyo ni sayansi ya kompyuta."

"Na mtu anaisomea miaka minne?"

"Miaka minne, na haiishi."

"Akimaliza, ataandikwa na nani?"

"Hiyo siwezi kukudanganya. Sijui."

Baba aliitikia kwa kichwa. Nafikiri alipenda kwamba hakudanganywa. "Jirani yangu ananiambia kuna ile ya kompyuta na biashara. Ati hiyo iko na ofisi. Wewe ungekuwa mzazi, ungemchagulia gani?"

Mwalimu alizungusha bangili mkononi.

"Mimi ni mzazi," alisema. "Niko na kijana mmoja. Nilimchagulia. Uhandisi wa kompyuta, ng'ambo, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nataka kuusoma. Alikuwa mtoto wa kutii, akaenda. Akasoma mwaka wa kwanza, wa pili. Halafu akaacha, na akaona aibu kuniambia, akaacha kupiga simu. Mzee, miaka mitatu sikusikia sauti ya mtoto wangu. Siku hizi anaoka mikate. Anapika keki za harusi, anapiga simu kila Jumapili, anacheka. Alikuwa mpishi tangu utotoni, alikuwa akinifuata jikoni, na mimi nikimfukuza aende kusoma." Alimtazama baba moja kwa moja. "Kwa hivyo sichagui tena. Siyo kiburi."

Nilikuwa nimeacha kuandika. Hasira yote niliyokuwa nimeibeba mwezi mzima ilinitoka nikiwa nimekaa.

Kisha Mwalimu alinigeukia. "Beta, lete kiti hapa. Ulipokuwa unafanya hizi zamu, ni sehemu gani ulisahau chai ikapoa? Ulipokuwa unazipanga zionekane vizuri kwenye karatasi?"

"Hapana. Hiyo iliniudhi."

"Ulipokuwa unamwonyesha baba?"

"Hiyo nilifurahi. Lakini chai..." Nilifikiri. "Ni wakati imekataa na sijui kwa nini. Wakati najua kosa liko mahali na nalitafuta."

"Zikikubali?"

"Nafurahi kidogo, halafu natafuta kitu kingine kikatae."

Alifungua mikono yake kwa baba. "Mimi sijasema kitu, mzee. Umesikia mwenyewe."

Baba alinitazama kana kwamba tuliwahi kukutana mahali akasahau ni wapi. "Mama," alisema, "sasa wewe unataka nini?" Hakuwahi kuniuliza hivyo hapo awali, na nadhani yeye mwenyewe alishtuka kulisikia swali likimtoka.

"Sayansi ya kompyuta, Baba."

Alichukua kikombe akamaliza chai yake yote. Halafu akaomba aonyeshwe ile skrini nyeusi.

Nilibadilisha kozi wiki hiyo, na baadaye mwaka huo huo nafasi ikatoka, sayansi ya kompyuta kama nilivyoomba. Baba alipeleka habari kiwandani kabla hata sijamaliza kumwambia mama. Ilibidi ningoje zamu yetu ya kujiunga ifike, kama ilivyokuwa desturi, na wakati huo wote niliendelea kupanda ngazi za hadiwea. Ningeweza kuendelea kusimulia tabia za Mwalimu: jinsi alivyoimba nyimbo za Kihindi stima ikipotea mpaka irudi, jinsi alivyomkaripia mkaguzi wa chuo kwa kuweka chai juu ya kompyuta, jinsi alivyokataa kuitwa Madam. Lakini nataka nimalizie na siku moja ya mwezi wa kumi na mbili, 2008.

Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho. Daktari alimwambia apumzike nyumbani, na akina dada wa familia yake wakamwapisha asitoke. Alinipigia simu niende kufungua darasa jipya, watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta maishani. "Fundisha tu," alisema. "Wewe si utakuwa msomi?"

Nilikuwa nimeandika mada ubaoni, watu wamejaa, wasichana wa umri wangu, mama mmoja muuza nguo, mzee mstaafu na miwani yake. Ndipo nikasikia ngazi. Akaingia, bandeji kwenye jicho moja, raba zake miguuni, ameshika ukuta. Nilikwenda nimpishe mbele.

"Kaa huko huko," alisema. "Nimekuja kusoma." Akapita mpaka kiti cha nyuma, akaketi karibu na muuza nguo. Wanafunzi wapya hawakumjua. Waliona shosho wa Kihindi, bibi wa watu, amekuja kujifunza kompyuta, na wengine walitabasamu.

Nilifundisha. Nilieleza kuwasha, kuzima, kuandika, kuhifadhi. Nilisema kwamba ukiandika bila kuhifadhi na stima ipotee, kazi yako inapotea.

Mkono ukainuka nyuma.

"Mwalimu," alisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa hivyo, na ni yeye aliyeniita. "Hiyo kazi inapotea inaenda wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Inafutika," nilisema.

"Imefutwa na nani? Stima imeenda. Hakuna mtu, hakuna moto. Nani amefuta?"

Mstaafu akaacha kucheka akageuka kunitazama. Muuza nguo naye. Nilifungua mdomo kueleza mambo ya kumbukumbu ya mashine, na katikati ya sentensi nikagundua kwamba nilikuwa naijua nusu tu. Niliyajua maneno, lakini kinachotokea ndani sikukijua. Ningeweza kuongeza maneno mengine makubwa juu yake. Wote walikuwa wageni, hakuna ambaye angenigundua, isipokuwa mmoja.

"Sijui," nilisema. "Nimekuwa nikidhani najua. Nikifika chuoni nitaisoma hiyo vizuri, na likizo ya kwanza nitarudi niwaambie."

Nilimwona akitingisha kichwa chake upande kwa upande, bandeji na yote, halafu jicho lake moja likajaa maji, akalifuta kwa ncha ya sari bila kuficha.

"Andikeni hiyo," aliwaambia jirani zake, kwa sauti ile ya kufika mpaka barabarani. "Kazi inaenda wapi, Mwalimu wetu anaenda chuo kikuu kutuulizia."

Mstaafu akasogeza kiti chake karibu na kibodi, akauliza herufi ya K iko wapi. Wakaandika wote, na yeye akaandika.